Kumuuliza Mtoto Mbele ya Kitabu cha Picha: Rai Tatu Zinazoshindana na Hali ya Mukumu

Mkanganyiko na chanzo chake

Tangu mtaala wa umilisi, ambao wazazi wa Kenya wanaujua zaidi kwa jina la CBC, uingie katika madarasa ya chini mwaka 2019, mzazi amepewa wajibu ambao baba yake na mama yake hawakuwa nao, kwa kuwa ushiriki wake umetajwa kuwa nguzo mojawapo ya mtaala wenyewe. Na katika kazi anazotarajiwa kuzifanya jioni, baada ya shamba na soko na jiko, mojawapo ni kukaa na mtoto wa chekechea na kumsomea kitabu cha picha kwa sauti. Wajibu huo haukupata upinzani mkubwa, maana hakuna mzazi asiyemtakia mtoto wake heri ya kusoma. Utata umeingia katika namna ya kuutimiza. Mshauri mmoja humwambia mzazi asimame kila ukurasa na kuuliza. Mwingine humwonya asikikate kisa, kwa kuwa kisa kilichokatwakatwa hupoteza ladha. Na wazee, ambao aghalabu ndio wanaobaki na wajukuu nyumbani, hustaajabu kwa nini mtoto wa miaka minne aulizwe mambo ambayo mkubwa anayemuuliza anayajua tayari, wakaona kwamba hiyo ni njia ya kumfunza ujuvi.

Kusudi la uchambuzi huu ni kuzikabili rai hizo moja baada ya moja, kwa insafu, kisha kuzipima kwa hali ya Mukumu, katika nchi ya Waisukha, kusini ya mji wa Kakamega kando ya barabara iendayo Kisumu. Mahali hapo panafaa kwa upimaji kama huu, kwa sababu aina zote za maswali zinazogombaniwa leo zimekwisha kupita hapo, kila moja kwa zama zake, na kila moja imeacha athari yake katika vinywa vya watu.

Maswali yaliyotangulia kitabu

Swali kongwe kuliko yote ni kitendawili, ambacho Waluhya, ambao Waisukha ni tawi lao, wanacho kama walivyonacho Waswahili wa pwani. Mtegaji hutaja kitu kwa sifa zake au kwa mfano wa kitu kingine, na wasikilizaji hukitafuta kwa kulinganisha. Asiyekipata hukiri kushindwa, na huko pwani hutoa mji ndipo afumbuliwe. Katika mchezo huo muulizaji analijua jibu, ni kweli, lakini analificha kwa makusudi ya kuchochea akili, na mtoto anaruhusiwa kukosea mara tatu, mara nne, bila ya kuonekana mjinga wala mtovu wa adabu.

Swali la pili lilikuja na misheni. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walianzisha kituo cha Mukumu mwaka 1906, na pamoja na kanisa, shule na hospitali, wakaleta katekisimu, yaani mafundisho ya dini yaliyopangwa kwa maswali na majibu, ambamo swali moja lina jibu moja lililoandikwa, na fadhila ya mwanafunzi ni kulihifadhi jibu hilo neno kwa neno. Mtindo huo ulifaa kwa jambo lililokusudiwa, maana imani iliyokuwa ikifundishwa ilikuwa na maneno yake yasiyobadilika. Taksiri ilitokea pale mtindo uliposambaa kutoka dini mpaka hesabu na jiografia na hadithi, ukaimarishwa na mitihani na wakaguzi, hata swali la shule katika Afrika Mashariki nzima likawa ni kitu cha kutahini tu: mwalimu huuliza, darasa hujibu kwa sauti moja, na sauti hiyo moja huwaficha wasiojua nyuma ya wanaojua.

Kwa hiyo mzazi wa leo anapoambiwa "muulize mtoto maswali", hana akilini mwake ukurasa mtupu. Ana swali la kitendawili, ambalo analihesabu kuwa mchezo, na ana swali la shule, ambalo analihesabu kuwa kazi. Na kwa kuwa kitabu ni kitu cha shule, mkono wake hulishika la pili. Naona hapa ndipo penye mzizi wa mkanganyiko wote, kwa sababu washauri wanabishana juu ya wingi wa maswali na wakati wake, ilhali mzazi amekwisha kuchagua, bila ya kujua, aina ya swali ambayo haifai sana kwa kitabu cha picha.

Rai ya kwanza: uliza njiani, ukurasa kwa ukurasa

Rai hii ilipata nguvu kwa kazi ya Grover Whitehurst na wenzake wa Stony Brook, katika jimbo la New York, waliochapisha matokeo yao mwaka 1988. Waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo kwamba, wanapokuwa wakisoma, wapunguze kusoma na wazidishe kumpa mtoto nafasi ya kusema: wamuulize maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" na "la", wayapokee majibu yake, wayaongeze neno moja au mawili, na wamwache hatua kwa hatua awe yeye ndiye msimulizi. Baada ya mwezi mmoja watoto hao waliwapita kwa uwezo wa kujieleza wenzao ambao wazazi wao waliendelea kuwasomea kama desturi.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi ulipatikana katika vijiji vya magharibi ya Kenya, katika utafiti wa Heather Knauer, Pamela Jakiela, Owen Ozier, Frances Aboud na Lia Fernald. Walezi 357 na watoto 510, wenye umri wa miaka miwili hadi karibu saba, waligawanywa katika makundi: wengine walipewa vitabu peke yake, wengine vitabu pamoja na mafunzo ya kuzungumza na mtoto juu ya picha, kwa viwango mbalimbali, na wengine hawakupewa kitu kwanza. Mafunzo yalipofuatana na vitabu, usomaji uliongezeka na mazungumzo yakawa bora, na watoto wakaweza kuyataja maneno ya vitabu vile kuliko wenzao. Na katika matokeo yote lipo moja ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya elimu: watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika si chini ya watoto wa walezi wanaojua. Nyanya ambaye hakupata kwenda shule anaweza kukishika kitabu, akazifuata picha kwa kidole, akauliza na kusikiliza, na mjukuu akaneemeka. Jambo hili linaondoa udhuru mkubwa ambao umekuwa ukizinyima nyumba nyingi vitabu, ule wa kusema kwamba kitabu ni cha wasomi.

Udhaifu wa rai hii nao haufichiki. Faida iliyothibitika katika vijiji vile ilikuwa hasa katika maneno ya vitabu vilivyotumika. Kutoka hapo mpaka utajiri wa lugha nzima bado ni safari. Fauka ya hayo, muulizaji asiye na kiasi hukigeuza kisa kuwa mtihani wa vipande vipande: huyu nani, huyu ana rangi gani, miguu mingapi, na mtoto aliyekuja kusikia hadithi akaondoka akiwa amehesabu miguu. Na darasani, ambako mwalimu mmoja huwa na watoto makumi, swali la kila ukurasa hurudi upesi katika kuitikia kwa pamoja, na waliokuwa kimya hubaki kimya.

Rai ya pili: kisa kwanza, maswali baadaye

Wenye rai ya pili hushikilia kwamba hadithi ni kitu kizima, na kwamba mtoto hawezi kuulizwa sababu ya jambo ambalo mwisho wake hajauona. Rai hii ina nasaba njema kwetu. Msimulizi wa ngano hupokea "Pakawa" baada ya "Paukwa" yake, akaanza, na wasikilizaji huitikia pale panapotakiwa kuitikiwa, lakini hakuna anayemsimamisha katikati kumuuliza funzo ni lipi. Programu ya Tusome, iliyoanza mwaka 2015 katika madarasa ya kwanza na ya pili ya shule za Kenya, ilielekea upande huu kwa kiasi fulani, kwa kuwa mwongozo wa mwalimu ulimwekea maswali ya kubashiri kabla ya kisa na maswali ya ufahamu baada yake.

Waliozipima rai hizi mbili pamoja ni Elaine Reese na Adell Cox wa New Zealand, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999 juu ya watoto 48 wa miaka minne. Waliwasomea kwa mitindo mitatu: wa kueleza na kutaja yaliyomo pichani, wa kutafuta maana na sababu, na wa kusoma bila ya kukatiza kisha kuzungumza mwishoni. Mtindo wa kutaja ndio uliowafaidi wengi kwa jumla. Lakini watoto waliokuwa wamekwisha kuwa na maneno mengi walinufaika na mtindo wa kusoma moja kwa moja na kuulizwa baadaye. Maana yake ni kwamba wanaogombana juu ya mtindo ulio bora wanagombana juu ya watoto wawili tofauti bila ya kuwataja.

Udhaifu wa rai ya pili ni kwamba humdhania mtoto kuwa na kumbukumbu na subira kuliko umri wake. Mtoto wa miaka mitatu aliyeona kitu katika ukurasa wa tatu, akaambiwa angoje mpaka mwisho, mwisho ukifika amekwisha kukisahau, na pengine amekwisha kulala. Tena maswali ya mwishoni, kwa kuwa yamerithi kiti cha mtihani, huvutwa na swali moja, "Hadithi hii inatufunza nini?", ambalo humwomba mtoto methali badala ya fikira, naye hutoa methali aliyoizoea: tuwe na adabu, tuwatii wazazi, tusiwe wachoyo. Jibu ni jema, lakini lingeweza kutolewa bila ya kukifungua kitabu.

Rai ya tatu: adabu ya mtoto mbele ya mkubwa

Rai ya wazee hudharauliwa upesi na wataalamu, na dharau hiyo ni kosa, maana ina msingi wake katika malezi yaliyowakuza watu wenye akili kwa karne nyingi. Sara Harkness na Charles Super, walioishi miaka ya 1970 katika kijiji cha Kokwet cha Wakipsigis, waliona kwamba mtoto alifunzwa kuelewa na kutekeleza kabla ya kufunzwa kujieleza. Mkubwa humtuma, na mtoto mwerevu ni yule aliyeshika agizo na kulitimiza bila ya kukumbushwa. Mtoto huyo alipoketishwa mbele ya mgeni na kuombwa asimulie, alinyamaza, na kimya chake kikahesabiwa na wapimaji kuwa upungufu wa akili, ilhali kilikuwa staha aliyofunzwa. Vivyo hivyo Shirley Brice Heath, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya jamii mbili za kusini mwa Marekani, alieleza kwamba watoto Weusi wa kijiji alichokiita Trackton hawakuzoea nyumbani kuulizwa maswali ambayo muulizaji anajua jibu lake, waliulizwa zaidi kitu fulani kinafanana na nini, na walipofika shuleni na kuulizwa "hii ni rangi gani?" walishindwa kufahamu kwa nini mwalimu aulize lililo wazi mbele ya macho yake.

Msomaji atatambua kwamba swali la mfanano ambalo Heath alilikuta huko Trackton ni ndugu wa kitendawili. Wazee wa Mukumu, basi, hawana ugomvi na kuuliza. Wanachokikataa ni kuuliza kusiko na haja. Katika hilo wana haki. Rai yao hukosa pale inapomzuia mtoto asiulize yeye, kwa sababu mtoto asiyeruhusiwa kumuuliza msomaji "kwa nini huyu analia?" ananyimwa nusu ya faida ya kusomewa, nusu ambayo hakuna mwongozo wa mwalimu uwezao kuifidia.

Ukurasa mmoja kwa mfano

Ni vyema rai zipimwe juu ya kitabu chenyewe. *Handa's Surprise* cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994, kinamhusu msichana wa Kijaluo anayempelekea rafiki yake Akeyo matunda saba ndani ya kikapu alichokibeba kichwani. Maneno ya kitabu yanasema tu kwamba Handa anajiuliza Akeyo atapenda tunda lipi. Picha zinasema mengine: nyuma ya Handa kima ananyoosha mkono na kuichukua ndizi, kisha mbuni, punda milia, ndovu, twiga na wengine, kila mmoja na tunda lake, na Handa hana habari.

Anayeuliza "Huyu ni mnyama gani?" hupata neno moja, nalo ni halali kwa mtoto wa miaka miwili, anayeyahitaji majina. Anayeuliza mwishoni "Tumejifunza nini?" hupata wasia juu ya ukarimu. Lakini anayeuliza, kidole chake kikiwa juu ya kikapu, "Handa anajua kwamba ndizi haipo?", huyo amelifungua jambo kubwa, kwa kuwa anamtaka mtoto atambue kwamba yeye anajua na Handa hajui, na kwamba akili ya mtu mwingine yaweza kuwa na kitu kisicholingana na kile ambacho jicho lake yeye linakiona. Jibu lake linapatikana pichani, kwa hiyo mtoto hawezi kufedheheka. Halipatikani katika maneno yaliyosomwa, kwa hiyo hawezi kulikariri. Na baada yake hufuata mengine kwa tabia yake: atakapofika kwa Akeyo itakuwaje? Ungekuwepo ungemwita?

Mukumu ina hazina nyingine katika ukurasa huo. Mtoto wa karibu na msitu wa Kakamega anawajua kima, na si ajabu amewahi kutumwa kuwafukuza shambani. Amewaona kina mama wakielekea soko la Khayega na vikapu vichwani. Twiga na ndovu hajawaona, wala katika nchi ya Wajaluo ya leo, iliyo jirani yake, hawatembei njiani namna ile. Mtoto akiuliza "Mbona kwetu hakuna twiga?", asikatizwe ili kitabu kiendelee. Amefanya kazi ya mhakiki, na anastahili jibu.

Lugha, kimya na idadi

Mambo matatu huamua hatima ya swali lolote, hata likiwa jema namna gani. La kwanza ni lugha. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa ni kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo, lakini wazazi wengi, wakihofia mitihani, hupendelea Kiingereza hata chekechea. Mtoto wa Mukumu akiulizwa kwa Kiingereza "kwa nini", hujibu kwa yale maneno machache aliyonayo, na mwalimu hudhani mawazo yake ni machache vilevile. Akiulizwa kwa Lwisukha, lugha ya nyumbani kwake, hufululiza. Maandishi ya kitabu yanaweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza na mazungumzo yakawa kwa lugha ya mama, bila ya madhara kwa lugha yoyote, na kazi ya kuingiza maneno mapya hufanyika vizuri zaidi juu ya maana iliyokwisha kufahamika.

La pili ni kimya. Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha mwaka 1974 kwamba walimu, wakiisha kuuliza, hungoja kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Kwa mtoto aliyefunzwa staha, ambaye anahitaji kwanza kuwa na yakini kwamba ameruhusiwa kusema, muda huo una thamani kubwa zaidi.

La tatu ni idadi. Ukubwa wa darasa huufanya mtindo wa mzazi na mtoto mmoja usiwezekane kama ulivyo. Dawa iliyo nafuu ni mwalimu kuuliza swali moja, kisha kila mtoto amweleze jirani yake, kabla ya wawili watatu kusikilizwa na wote. Gharama yake ni kelele, na mwalimu mkuu apitaye dirishani inafaa aijue kelele hiyo kuwa ni kazi.

Hukumu ya mizani

Zikiwekwa pamoja, rai tatu hizi zinaonekana kugombea mahali pamoja kwa sababu zimedhania kwamba kitabu husomwa mara moja. Kitabu kikisomwa mara tatu au nne, kila rai hupata siku yake. Siku ya kwanza kisa kipite, na swali liwe moja au mawili tu, la kubashiri. Siku ya pili msomaji asimame katika kurasa chache ambazo picha inasema zaidi ya maneno, na hapo auulize ukurasa pamoja na mtoto. Siku ya tatu mtoto ashike kitabu na kusimulia, na mkubwa awe ndiye anayeulizwa. Kwa mdogo asiye na maneno, kutaja majina kutangulie. Kwa aliyekwisha kuyapata, sababu na makisio yachukue nafasi. Na swali la funzo likae kando mpaka mtoto mwenyewe alilete.

Mpango huu unafaa hasa pale ambapo vitabu ni haba, na Mukumu, kama sehemu nyingi za Kenya, ni pahali pa namna hiyo. Tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na nyumba inayopima unga na mafuta haitanunua kitabu kipya kila wiki. Uhaba si neema, na asije mtu akautukuza; lakini kitabu kimoja kilichorudiwa mara nne kwa maswali manne tofauti humpa mtoto zaidi ya vitabu vinne vilivyopitishwa mbele yake mara moja moja.

Elimu ya chekechea, kwa katiba ya mwaka 2010, iko mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ya Kakamega ndiyo yenye kauli, basi, juu ya vitabu vya picha vya watoto hawa, na ombi la kupatiwa hadithi kwa Lwisukha, zenye picha za kima wa msituni, mafahali wa Khayega na ngoma ya isukuti, ni ombi linalojua mlango wa kubisha. Hadi vitabu hivyo vije, kazi imebaki kwa mwalimu na mlezi na kitabu kile kimoja walichonacho: wakifungue tena kesho, waulize jambo moja ambalo picha inaweza kulijibu, kisha wanyamaze kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu.